Viatu Shingoni

Nagano, Japani
14 Mei 1989

Mjomba wangu mpendwa Thobias,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na mama yangu na mdogo wangu Magreth na tumbo lake. Mimi sijambo. Wenzangu waliotoka Dar wanatetemeka kwa baridi ya huku, mimi natembea na sweta moja. Nimewaambia nimezaliwa Mgeta, ukungu tumekua nao.

Mafunzo ya mbegu za mboga yanakwenda vizuri. Juzi mwalimu aliuliza nani amewahi kulima kwenye mteremko mkali, nikasimama nikamchorea matuta yako ubaoni. Akauliza mtaalamu aliyeyapima ni nani. Nikasema ni mjomba wangu, aliishia darasa la nne. Darasa zima likaandika. Jivune kidogo, ruhusa nimekupa.

Sasa lililonifanya niandike hata kabla hujanijibu ile ya Machi. Kuna mzee hapa, mchoraji, anaitwa Kurebayashi. Mama mwenye nyumba alinionya siku ya kwanza nisimsalimie. Wakati wa vita aliichorea jeshi picha kubwa za ushindi, na watu walipanga foleni kuziangalia. Waliposhindwa, wachoraji wenzake waliochora vilevile wakamnyooshea kidole yeye. Akahamia milimani huku, na bado wanamsema. Kosa lake ni kwamba hajawahi kuzificha zile picha, wala kusema alilazimishwa. Wanaolipenda jeshi hawamtaki, na wanaolichukia jeshi hawamtaki.

Alinikuta sokoni nikichagua kabichi. Alinitazama mpaka nikaona haya, kisha akauliza natoka wapi. Kesho yake akaja na daftari lililoliwa na mende. Ndani mna michoro aliyoifanya vitani nchi ya Bama, mwaka 1944, na askari wawili weusi kama sisi. Akaniuliza kama huko kwetu kuna mtu yeyote aliyepigana kule.

Mjomba, najua ulikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, ukapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Najua mjomba Severini, kaka yako, alikwenda na wewe na hakurudi. Najua kuna nishani kwenye kopo la maziwa juu ya dari. Zaidi ya hapo sijui kitu, maana kila tukikuuliza unakwenda kumwagilia karoti. Mzee nimemwambia nitauliza nyumbani. Basi nauliza.

Mpwa wako,
Juliana


Nyandira, Mgeta
2 Agosti 1989

Kwako mpwa wangu Juliana,

Marahaba. Milele amina. Barua yako imekaa wiki tatu dukani kwa binamu yako Mikaeli, pale Mwembesongo mjini, ikingoja lori la kuja huku. Anasema aliisahau. Tangu watu waruhusiwe kuuza wanachotaka, Mikaeli anakumbuka vitenge tu.

Huku tu wazima na tunapumua. Zamani tuliingoja gari ya ushirika mpaka kabichi zinaoza tunaziangalia. Leo malori ya watu binafsi yanapanda mpaka Nyandira, madalali wa Dar wanagombana wao kwa wao mbele ya kabichi zangu, nami nimekaa juu ya gunia nimekunja nne. Sabuni ipo, sukari ipo. Hao Wajapani wako waambie matuta yale hayakupimwa na mtaalamu yeyote, yalipimwa kwa jicho. Lakini kama wameshaandika, wasifute.

Magreth anakaribia. Mama yako amekaza shingo, anataka mtoto akiwa wa kiume aitwe Severini. Nimekataa. Unajua kwetu ilivyo. Aliye hai anaweza kulitoa jina lake mwenyewe, kama bibi yako alivyokupa wewe la kwake. La marehemu hulitoa mkubwa wa ukoo, matanga yakishaanuliwa. Matanga ya kaka yangu hayakuwekwa hata siku moja. Bibi yako aliletewa karatasi ya Serikali imeandikwa kwamba hajulikani alipo, akasema asiyejulikana alipo hajafa. Mpaka anafariki mwaka 1974 alikuwa anambakizia chakula. Sasa nitalitoaje jina la mtu ambaye mama yake hakumlilia? Mkubwa wa ukoo ni mimi, na nimesema hapana.

Huyo mzee mwache. Mimi nilikwenda Bama nimebeba bunduki, sikwenda kuchorwa. Miaka arobaini na tano imepita, leo Mjapani ananitafuta, anataka tunywe chai? Wewe umepelekwa huko kusomea mbegu. Soma mbegu. Tuletee karoti isiyopasuka.

Mbegu za njegere ulizotuma zimeota zote. Mama yako anakusalimu.

Wale askari wawili kwenye daftari, wamevaa viatu? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Thobias


Nagano
19 Septemba 1989

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama na madalali wanapigana. Hapa majani yameanza kuwa mekundu, mazuri ajabu, ila mimi naona kama shamba limepata ugonjwa.

Umeuliza viatu. Askari wa kwanza amelala, amefunikwa uso, na viatu anavyo. Wa pili amekaa juu ya gogo, pekupeku. Mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Viatu vyake amevifunga pamoja kwa kamba zake, amevining'iniza shingoni.

Mjomba, nilipouona mchoro huo nilicheka, nikajiaibisha mbele ya mzee wa watu. Nikamwambia hivi ndivyo tunavyoshuka kwetu mvua ikinyesha. Vidole vinashika udongo na viatu haviharibiki. Ukimkuta mtu njiani viatu viko shingoni, huna haja ya kumuuliza anakwenda wapi, anakwenda bondeni. Mzee aliweka kikombe chini. Akasema tangu siku ile hajaelewa kwa nini mtu mwenye viatu vizuri namna ile alikamatwa pekupeku.

Kisha akanipeleka kwenye ghala lake kunionyesha picha moja kubwa, ya zile za jeshi. Ni pana kama ukuta wa kanisa letu. Askari mweusi amepiga magoti mbele ya ofisa wa Kijapani, ameinamisha kichwa. Ni mtu yuleyule wa kwenye gogo, uso ule ule. Nilitaka kutoka nje. Mzee akasema nisubiri.

Alisema hivi. Alitumwa Bama kuchora ushindi, akakuta jeshi lake linarudi nyuma na watu wanakula majani. Wakaleta mateka mmoja. Ofisa akaagiza achorwe amepiga magoti. Wakamwambia apige magoti, hakupiga. Wakampiga, akaenda kukaa kwenye gogo na kumwangalia mchoraji usoni. Basi alimchora kama alivyokaa, akaficha daftari. Aliporudi kwao akachora ile kubwa, ya uongo, na hiyo ndiyo iliyompa sifa nchi nzima.

Sasa anataka kuzitundika zote mbili pamoja, mwezi wa Aprili, watu waone. Mji umekasirika. Wazee wa jeshi wanasema ile ndogo inawatia aibu, vijana wanasema ile kubwa ichomwe moto. Ukumbi amenyimwa. Yeye shida yake siyo ukumbi. Anasema hawezi kumtundika mtu asiye na jina, kwa sababu ameshamwibia mara moja.

Mjomba, mimi sikuulizi tena kama unamjua. Nakuuliza la nyumbani. Kuna kina baba na kina mama wengi pale Mgeta waliopotelewa na watu wao, na majina wameyatoa. Kwa nini mtoto wa Magreth asiitwe Severini?

Juliana


Nyandira
27 Januari 1990

Mpwa wangu Juliana,

Marahaba. Ningeweza kuisingizia barabara, maana kweli mvua za vuli ziliikata pale darajani. Lakini ilitengenezwa kabla ya Krismasi, madalali wenyewe walibeba mawe. Barua yako nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tu.

Magreth alijifungua salama, mtoto wa kiume, tarehe 11 Oktoba. Ana mapaja kama ya mwenyekiti wa kijiji. Tunamwita Bwana Mdogo kwa sababu hana jina. Padri Benedikto ameuliza mara tatu tutamleta lini kubatizwa. Mama yako hasemi na mimi. Anasema na kuku. Anamwambia kuku nenda kamwambie kaka yangu chakula tayari, na mimi nikiwa nimekaa palepale.

Sasa soma polepole, maana sitaandika mara ya pili.

Tulikuwa kwenye mteremko. Mvua ya Bama hujaiona, na Mungu asikuoneshe. Udongo mwekundu, utelezi, askari wa tambarare wanaanguka chini kama magunia, mimi na Severini tunawacheka. Nikamwambia kaka, vua viatu, tushuke kama nyumbani. Akasema sajini atatuadhibu. Nikamwita mwoga. Mimi, mdogo wake. Akavua, akavifunga shingoni, akatangulia. Jinsi alivyoshuka, Juliana! Hakuna mtu katika batalioni ile aliyeweza kushuka vile. Hatua kama thelathini hivi, akakanyaga mwanzi. Wajapani walikuwa wanachonga mianzi, wanaichomeka ardhini na kuifunika majani. Ukaingia unyayoni ukatokea juu. Kiatu kingeuzuia.

Mimi nilikuwa nyuma yake, pekupeku vilevile, sikuguswa. Risasi zikaanza. Nikaamriwa nirudi, nikarudi. Tulipopapata tena mahali pale kesho yake, hakuwepo.

Nilirudi nyumbani nimevaa viatu. Mama akaniuliza mwenzako yuko wapi, nikasema tulipotezana. Neno hilo moja. Alilishika miaka ishirini na tisa akibakiza chakula, nami nilikuwa nakaa pale namwangalia anafunika sahani. Ungekuwa wewe ungeweza kumpa mtoto jina hilo? Nililitupa mwenyewe kwenye mteremko, nitaliokota vipi mbele ya watu?

Kama ni yeye, sikio la kushoto halina ncha. Mbwa alimng'ata akiwa mdogo, akinikinga mimi. Usimuulize mzee, usimweleze kitu. Angalia mwenyewe.

Mama yako usimwambie. Hilo ni langu. Na usinionee huruma, nilikuwa askari mzuri na nishani sikuokota.

Thobias


Nagano
8 Aprili 1990

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikarudia nimekaa chini palepale posta, watu wananiruka.

Nilikwenda kwa mzee bila kusema neno. Nikaomba daftari na kioo chake cha kukuzia. Sikio la kushoto halina ncha. Kwenye ile picha kubwa sikio ni zima. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ofisa alitaka adui aonekane mzima, asionekane ameshaumia. Hapo ndipo nikamwambia mimi ni nani, mjomba, na nikaomba anieleze mwisho wake.

Severini aliishi siku tatu. Ni homa ya mguu. Mzee alikuwa anampa maji kwa kikombe cha kuoshea brashi, hakuwa na kingine. Hawakuelewana hata neno moja, ila siku ya pili Severini alichukua penseli akachora kwenye pembe ya ukurasa. Mzee miaka yote alidhani ni ngazi. Mimi nilijua mara moja. Ni matuta, mjomba. Ni shamba la juu, na mfereji unapita palepale unapopita leo.

Alipofariki, mzee alivichukua viatu. Vyake vilikuwa vimekwisha. Alitembea navyo mpaka mji wa Rangun, na ndivyo vilivyomrudisha kwao. Alilisema hilo bila kuniangalia. Akasema, "Nilivaa viatu vya mtu, kisha nikamchora amenipigia magoti." Nilitaka kumchukia na nikashindwa, na sijui kama nimekosea. Utaniambia wewe.

Maonyesho yamefanyika. Ukumbi walikataa hadi mwisho, basi mkulima mmoja tunayenunua mbegu kwake akatupa banda lake la kupakilia kabichi. Picha mbili zikatundikwa kati ya makreti. Watu walikuja wengi, wengi wao kuzomea. Mzee mmoja wa jeshi alifika anapiga kelele tangu barabarani, akasimama mbele ya ile ndogo, akavua kofia. Msichana mmoja akadai ile kubwa ichomwe leo hii. Wakanigeukia. Nilisimama kwa Kijapani changu kibovu nikasema: "Huyu ni mjomba wangu. Anatoka Mgeta, milima ya Uluguru. Aliambiwa apige magoti na hakupiga." Sijawahi kujisikia mrefu vile maishani mwangu. Kuhusu kuchoma nikasema nitauliza nyumbani.

Chini ya mchoro kuna kibao. Ningeweza kuandika jina. Sikuandika, kwa sababu jina linatoka kwako. Nafasi iko wazi.

Mzee amekata ukurasa wa yule askari wa pili, ule wenye matuta pembeni, amesema uende kwenu na si kwake tena. Ameuweka kwenye mwanzi kwa sababu hakuwa na bomba jingine. Nilimwambia mwanzi hapana, kisha nikaona niuache, wewe ndiye uamue. Yeye amebaki na nakala.

Mpwa wako,
Juliana


Nyandira, Mgeta
30 Julai 1990

Mpwa wangu Juliana, mtu mzima,

Marahaba, na marahaba tena. Safari hii Mikaeli hakusahau. Alipanda lori mwenyewe kuuleta huo mwanzi, akidhani ni dawa.

Nilipouona nilikasirika, nikautupa chini. Kisha nikachukua panga nikaupasua, ukurasa ukatoka. Juliana, alikuwa ananiangalia. Mimi ni mzee, yeye ana miaka ishirini na tatu, viatu shingoni, na uso ule aliokuwa nao mama akimwita naye hataki kuitika. Nimelia mpaka mbwa wa jirani wakaja.

Niliita ukoo wote, kuanzia kijiji cha Langali mpaka kijiji cha Bunduki. Mikaeli alileta kitenge na kabichi nilizitoa mimi, na dalali mmoja wa Dar akatupa sukari bila kuombwa. Padri Benedikto akasoma misa ya marehemu. Tukaweka matanga, tukayaanua, tuliyoyachelewesha miaka arobaini na sita. Siku ya kuanua nilisimama mbele ya watu, ukurasa nimeushika mkononi, nikayasema yote. Neno mwoga nililomwita. Mwanzi. Tulipotezana. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia avue viatu.

Nikamwangalia mama yako Regina, nikangoja anitemee mate. Regina akaja akachukua ule ukurasa, akaangalia matuta, akaangalia miguu. Akasema, "Kaka, mvua ilikuwa inanyesha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hata mama angemwambia avue."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyosema na mimi tangu Oktoba, bila kuku.

Kisha nikamchukua Bwana Mdogo nikampa jina. Nililitamka kwa nguvu, na mlima ukalirudisha. Jumapili iliyofuata akabatizwa. Ukurasa umefungwa kwenye kioo, uko sebuleni, na nishani nimeishusha darini nimeining'iniza pembeni yake. Wageni wakija naanza naye yeye, kabichi baadaye. Wanaokuja kununua mboga sasa wanajua kwanza kwamba nyumba hii ina mtu ambaye hakupiga magoti.

Sasa mzee wako. Umeniuliza kama umekosea kutomchukia. Sijui. Mwambie haya. Miaka yote nilidhani vile viatu vilioza matopeni. Kumbe vilimvusha mtu. Severini alikuwa anawaazima watu vitu vyake hata wasipoomba, mama alimgombeza sana kwa hilo. Ile kubwa asiichome. Aitundike palepale, watu wauone uongo wake kwanza, kisha wageuze shingo wamwone ndugu yangu. Na kwenye kibao aandike: Severini wa Juliana, wa Nyandira, Mgeta. Juliana ni mama yetu, lakini wakidhani ni wewe pia sawa.

Magreth amemnunulia mtoto viatu vya mtumba kule mjini, vyekundu, vya ngozi, vya watoto wa Ulaya. Kila wakimvisha anavivua na kuvitupa, anatambaa kwenye udongo miguu mitupu. Mama yake anavirudisha. Nimewaambia wamwache.

Mjomba wako anayejivuna,
Thobias